Miguu ya Bibi Vera

Kabla sijawaachia ufunguo wa chumba cha giza cha studio hii, ambamo siku hizi mnaweka kreti za soda, nataka mjue ni kazi gani iliyokuwa ikifanyika mle. Nyinyi mmenizoea kama Mama Tabitha wa kaunta, anayewauliza wateja wanataka picha saizi gani. Lakini kwa muda mrefu kuliko umri wenu nilikuwa fundi wa kurekebisha negativu. Vyeo sitavizungumzia kwa sababu sikuwahi kuvipata. Nitawaeleza siku yangu ya kwanza, nitamweleza mwalimu wangu, halafu nitawaeleza kazi moja iliyonishinda mara mbili.

Nilishuka Kilosa kutoka milimani, nimemaliza darasa la nane kwa Wamisheni. Nchi ilikuwa imepata uhuru juzijuzi na kila mtu alitaka kuonekana. Walimu walitaka picha, maharusi walitaka picha, wazee wa kanisa walitaka picha wakiwa wameshika Biblia iliyofungwa. Mwenye studio alikuwa Bwana Kaitano, Mgoa mwembamba mwenye shati jeupe na penseli nyuma ya sikio. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba bila kuinua uso, kisha akanisogezea penseli na kipande cha msasa.

"Chonga," akasema.

Nikachonga, nikampa. Akaitazama, akaivunja ncha juu ya meza. "Chonga tena."

Nilichonga kutwa nzima, mpaka risasi ya penseli ikawa ndefu na kali kama mwiba wa mkonge. Siku ile sikugusa picha hata moja. Niliporudi nilikopanga niliwaambia wenzangu kwamba nimeajiriwa kuchonga penseli, wakanicheka, nami nikajicheka.

Kwa nyinyi mliozaliwa na simu mkononi, nieleze kidogo. Negativu ni picha iliyogeuzwa: penye weusi, picha itatoka nyeupe, na penye weupe itatoka nyeusi. Ukiipaka penseli mahali, mahali pale pataangaza kwenye picha. Ukiikwangua kwa kisu kidogo, pataingia giza. Penseli inafutika, kisu hakifutiki. Kwa vifaa hivyo viwili Bwana Kaitano aliondoa makovu ya ndui, chunusi, macho ya kukosa usingizi na, mara moja, ndevu za mama mkwe wa mtu. Sheria ya studio ilikuwa kwamba mteja asitoke na dosari aliyoingia nayo, na mteja hakuwa na haja ya kuomba. Ilikuwa heshima, kama kumkaribisha mgeni maji. Baba mmoja kutoka Tindiga aliirudisha picha yake akisema, "Huyu si mimi, huyu ni mdogo wangu." Bwana Kaitano akamjibu, "Basi mfikishie salamu." Yule baba aliondoka nayo, na baadaye akaja kuagiza nyingine.

Nilimpenda mzee yule kwa mikono yake. Angeweza kuondoa mkunjo mmoja chini ya jicho na kuuacha wa pili, kwa sababu alisema wa pili ndio uliokuwa ukicheka. Mimi nilichukua muda mrefu kujua mkunjo upi unacheka. Tulipopelekwa Mikumi kuwapiga picha za vitambulisho askari wa wanyamapori, walikataa katakata kuvua kofia, wakasema tembo anawatambua kwa kofia. Bwana Kaitano hakubishana nao. Aliwapiga vile vile, na kule ofisini hakuna aliyelalamika, labda kwa kumwogopa tembo.

Basi, Azimio lilipotangazwa na mashamba ya mkonge yakaanza kuchukuliwa na serikali, ndipo alipokuja Bibi Vera.

Alikuja na lori la shamba kutoka Kimamba. Alikuwa Mrusi, mjane wa Mgiriki aliyewahi kuwa meneja kule, mtu mzima sana, karibu na miaka themanini. Mgongo wake ulikuwa umenyooka kiasi kwamba vijana waliokuwa wamekaa kwenye benchi letu walijirekebisha bila kuambiwa. Kiswahili chake alikipata kwa wakata mkonge, kwa hiyo kilikuwa safi, isipokuwa maneno machache ambayo hayasemwi kanisani.

"Shikamoo, Bibi," nikamwamkia.

"Marahaba, binti. Niitie fundi anayejua picha za zamani."

Alifungua kasha juu ya kaunta. Ndani mlikuwa na picha zilizobandikwa kwenye kadi ngumu, rangi yake kama chai ya maziwa, zilizopigwa kwao Urusi kabla ya vita ya kwanza ya Wazungu. Zote zilikuwa picha za wachezaji wa ngoma zao za jukwaani. Kijana mmoja alikuwa hewani kabisa, joho limefunguka nyuma yake, na uso umetulia kama wa mtu aliyekaa kitini. Msichana alikuwa na shanga za lulu kwenye paji la uso. Mwanamke mwingine alikuwa amegeuka nusu, mkono karibu na sikio, kama anayesikiliza kitu upande wa pili wa ukuta. Sikuwahi kuona watu waliopigwa picha namna ile. Sisi wateja wetu walisimama kama wanaosubiri hukumu. Bwana Kaitano alikwenda kunawa mikono kwanza ndipo akazigusa.

"Hawa walijua mwanga," akasema kwa sauti ya chini, na kwake hiyo ilikuwa hotuba.

Ya mwisho ilikuwa kubwa kuliko zote. Msichana wa miaka ishirini hivi alisimama kwa mguu wa kushoto, wa kulia ameupeleka nyuma ukigusa sakafu kwa ncha ya vidole, kidevu juu. Alikuwa yeye mwenyewe, Vera. Lakini kutoka kwenye vifundo kwenda chini hapakuwa na kitu, ila doa la ukungu na karatasi iliyochunika. Picha ile ilikuwa imeegemezwa ukutani, chini, ikisubiri msumari ambao marehemu mumewe alikuwa ameahidi kuupigilia tangu walipohamia. Masika mto ulipofurika, maji yaliingia nyumbani yakala miguu.

"Nyumba naiacha," akasema. "Nakwenda Dar es Salaam kwa masista, watanipa kitanda na rafu moja. Zote hizi nitawaachia. Nitachukua hiyo tu. Lakini nilikuwa mchezaji, binti. Picha ya mchezaji isiyo na miguu ni picha ya nani? Nirudishieni miguu yangu kabla sijapanda treni."

Kazi yenyewe ilikuwa hivi: kuipiga picha ile picha, kuitoa upya kwa ukubwa, kuchora kwa brashi kile kilichopotea, halafu kuipiga tena ili ipatikane negativu mpya. Bwana Kaitano alinipa mimi. Macho yake yalikuwa yameanza kuchoka, ingawa hakukubali.

Sikujua mguu wa mchezaji wa Kirusi ukoje, nikaazima kwa wenzake. Wote kwenye zile kadi walikuwa na viatu vya kitambaa vyenye ncha nyembamba kama mche wa mshumaa. Nikavinakili kwa uangalifu, nikajipongeza. Bibi Vera alipokuja kutazama, alitoa miwani, akaikaribia picha, akarudi nyuma.

"Huyu hasimami. Ananing'inia kama shati kwenye kamba."

Niliumia, lakini alikuwa amesema kweli. Nikachukua lenzi nikarudi kwenye zile kadi za asili, na safari hii sikuangalia uzuri, niliangalia kazi. Ukingo wa kila kiatu ulikuwa mkali mno, na kando yake, ndani ya giza la pazia, kulikuwa na mistari midogo midogo. Ningeitambua mistari ile popote duniani. Ilikuwa ya kisu. Fundi mwenzangu, aliyekufa labda kabla mimi sijazaliwa, alikuwa amewakata wachezaji wote miguu ikawa miembamba. Nilimstahi, maana mkono wake ulikuwa mwepesi ajabu, na papo hapo nilitaka kumpiga kofi.

"Bibi," nikamwambia, "na hawa wamekwanguliwa."

Alicheka mpaka akashika kaunta. "Umemkamata! Watu walitaka kuamini hatukanyagi chini. Yule bwana alituibia nusu ya miguu, kila mmoja wetu, na sisi tukamshukuru."

Akakaa kwenye benchi, akafungua kamba za kiatu, akavua na soksi. Mguu ule sikuusahau. Ulikuwa mpana, kidole gumba kimelala juu ya mwenzake, mfupa umechomoza pembeni mkubwa kama kokwa la embe, kucha nene za manjano. Nilikuwa nimezoea kuona miguu ya namna hiyo kwa watu waliolima mlimani maisha yao yote. Sikutegemea kuuona kwa mke wa meneja.

"Nililia kwa ajili ya mguu huu tangu nikiwa mtoto," akasema. "Huu ndio uliofanya kazi. Uso ulipewa tu maua. Maji yameniondolea ule wa uongo, sasa nataka wa kweli."

Alijaribu kusimama kama kwenye picha ili nimwone. Kifundo kilitetemeka, kikakataa, na mimi na Bwana Kaitano tukamdaka. Alivaa soksi taratibu. Nilimwonea huruma, nami najua kwamba angechukia kuonewa huruma.

Mguu wa kuchora ninao, nikawaza, ila sina anayejua kuusimamia. Ndipo nikamkumbuka Shangazi Eunike.

Shangazi yangu alikuwa mchezaji wa ngoma za mavuno kule kwetu milimani, na wazee wa kanisa walikwisha kumzuia meza ya Bwana zaidi ya mara moja kwa sababu hiyo. Aliwaambia kwamba miguu alipewa na Mungu kabla Biblia haijapanda mlima. Mwenye kutaka kumwona akiwa ametulia alipaswa kungoja alale. Alipokuja sokoni na maharage yake, nikampeleka uani nyuma ya studio, nikatundika shuka jeupe, nikamwomba avue katambuga zake za tairi na asimame kama yule msichana.

Akasimama. Haikuwa kitu. Tukatazamana.

"Mwanangu, unanisimamisha kama mlingoti. Piga basi chochote, mwili utajua wenyewe."

Nikachukua debe, nikalipiga kwa mdundo wa kwetu. Ukapita mpigo mmoja, wa pili, kisha nikaona uzito wake wote unashuka kwenye mguu wa kushoto, vidole vinajitawanya na kuishika ardhi, kisigino kinatanuka, na ule mguu wa nyuma unabaki mwepesi kama haupo. Bwana Kaitano, aliyekuwa tayari nyuma ya kamera, alibofya. Nilifurahi nikasahau kuacha kupiga debe.

Sasa sikilizeni kosa ambalo ni mafundi wa picha tu wanaoweza kulifanya. Asubuhi yake nilikuta negativu imekwisha kukauka na kuwekwa kwenye bahasha, juu yake Bwana Kaitano akiwa ameniwekea peremende. Nikaitoa picha. Miguu iliyotokea kwenye beseni la dawa ilikuwa laini kama ya mtoto. Nyufa za kisigino, zilizokuwa nyeupe kwa vumbi, zote zilikuwa zimekwanguliwa kwa kisu. Kwa mkono mzuri ajabu, bila alama.

"Nimemsafisha bure," akasema akitabasamu. "Si shangazi yako?"

Nilikasirika. Nilimwambia mwajiri wangu, mtu wa umri wa baba yangu, kwamba zile nyufa ndizo nilizozitaka, kwamba ngozi huchanika pale inapobeba, na kwamba yeye ameondoa mzigo akaacha mguu. Alisimama na penseli yake nyuma ya sikio, akatazama chini.

"Tabitha," akasema, "tangu nianze kazi hii hakuna mtu aliyewahi kuniomba niache kitu."

Nilitamani niyameze maneno yangu. Hakuwa amekosea, alikuwa ameonyesha upendo kwa namna aliyoijua. Lakini kisu hakifutiki, na Bibi Vera alikuwa amekwisha kutuma habari kwamba anasafiri Jumamosi.

Nilimtumia Shangazi picha ile kwa dereva wa lori la mbao na ujumbe kwamba ashuke tena. Akashuka Ijumaa asubuhi, picha mkononi, hata salamu hakungoja.

"Miguu hii imelima wapi?" akaniuliza. "Mimi hii siijui. Au mnataka niambiwe nimeiba miguu ya mke wa mkuu wa wilaya?"

Akasimama tena, nikapiga debe tena, na safari hii Bwana Kaitano aliitia filamu kwenye dawa, akaitundika ikauke, akaja kuniita niichukue mwenyewe, mikono yake ikiwa nyuma. Siku ile nilichora mpaka shingo ikakakamaa. Kiatu kilikuwa cha Bibi Vera, mfupa wa pembeni ulikuwa wa Bibi Vera, nilioukumbuka kila nundu yake. Lakini uzito ulikuwa wa Shangazi Eunike, jinsi kitambaa kinavyovutika pale kisigino kinapobonyea, jinsi vidole vinavyokisukuma kiatu kwa ndani. Nilipomaliza, nilirudi nyuma kama alivyorudi yeye, na nikamwona yule msichana ameshuka sakafuni. Niliona fahari, na sioni haya kuisema.

Jumamosi lori lilimleta Bibi Vera na sanduku moja. Treni ya Dar es Salaam ilikuwa imechelewa, jambo ambalo kwa mara ya kwanza maishani nililishukuru. Shangazi alikuwepo, amekaa kwenye benchi akisema hatatoka mpaka amwone huyo Mzungu aliyeazima miguu yake. Nikaiweka picha kaunta. Bibi Vera akatoa miwani. Akaikaribia picha, akarudi nyuma.

"Sasa anasimama," akasema. Kisha akaigusa picha chini kabisa kwa ukucha. "Mfupa ni wangu. Lakini hivi nilisahau kusimama siku nyingi. Umempata wapi anayejua?"

Shangazi akainuka, akapiga goti kidogo. "Shikamoo, Bibi. Ni mimi."

"Marahaba." Bibi Vera alimtazama kuanzia chini, polepole, kama fundi cherehani. "Ulicheza nini?"

"Mavuno, ndoa, mpaka mazishi. Popote palipopigwa. Si wanasema mcheza kwao hutunzwa?"

"Wanasema," akajibu Bibi Vera. "Na aliyecheza kwao, halafu kwao kukafungwa?"

Shangazi alimshika mkono, akamketisha kwenye benchi. Akakaa karibu naye. Kisha aliinama, akavua katambuga yake ya kulia, akaunyoosha mguu mbele yake, vumbi na nyufa na yote. Bibi Vera akaelewa. Alianza kuhangaika na kamba za kiatu, Shangazi akapiga magoti akamfungulia, akamvua soksi. Wakaiweka sambamba kwenye sakafu ya saruji, mguu kwa mguu, wakaitazama.

"Kwa miaka nakuzidi," akasema Bibi Vera, "lakini kwa miguu naona nikuamkie wewe."

"Marahaba," akajibu Shangazi, bila aibu hata kidogo, na wote wawili wakaangua kicheko.

Nilisikia magurudumu. Bwana Kaitano alikuwa anaisukuma kamera kubwa kutoka ndani. Aliiteremsha karibu na sakafu kadiri ilivyoweza kushuka, akapiga magoti kwenye suruali yake iliyopigwa pasi, akajifunika kitambaa cheusi. Hakumwambia mtu yeyote atabasamu, maana nyuso hazikuwemo. Akabofya. Aliposimama, alitoa penseli nyuma ya sikio, akaniwekea kiganjani.

"Nishikie," akasema. "Mpaka itoke."

Treni ilipiga honi ng'ambo ya soko picha ikiwa bado kwenye maji. Mimi nilikimbia nayo ikinitiririkia mkononi, Bwana Kaitano akabeba sanduku, ambalo ndani yake ile picha kubwa ilikuwa imefungwa kwa khanga ya Shangazi. Shangazi mwenyewe alimwongoza Bibi Vera kwa kumshika kiwiko, kamba za kiatu kimoja zikiburuta. Pale stesheni, mama yule akiwa ameshapanda, Shangazi alipanda nyuma yake akazifunga, akashuka treni ikianza kutikisika.

Negativu ile imo kwenye kabati la chuma, kisanduku cha juu. Itazameni kwa mwanga wa dirisha wakati wowote, kila ufa mtauona. Nawajua nyinyi na hizo simu zenu zinazomfuta mtu kunyanzi hata kabla hajamaliza kutabasamu. Siwakatazi, mteja ni wenu. Ila hiyo msiiguse.

Bibi Vera alikaa dirishani. Nikamwambia picha bado mbichi, asiiweke kwenye sanduku, itanata. Akaipokea kwa ncha za vidole. Treni ilipokata kona kuelekea Kimamba, ambako ingempitisha mara ya mwisho mbele ya nyumba yake, mkono wake ulikuwa bado nje ya dirisha, umenyooka, umeishika ile miguu miwili juu kwenye upepo ili ikauke.